Udi wa bibi na kifua cha mjukuu

Ni siku ya nne tangu mtoto azaliwe na nyumba haijapoa. Shangazi yupo jikoni anakoroga uji wa pilipili manga, majirani wanapishana mlangoni na zawadi za khanga, na mama mkwe anaingia chumbani ameshika chetezo. Ndani ya chetezo mna makaa mawili mekundu. Juu yake ameweka kipande cha udi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na moshi umeanza kupanda.

“Nipe mjukuu wangu nimfukize kidogo,” anasema. “Anukie, na macho ya watu yasimpate.”

Mama mzazi anasita. Kliniki ameambiwa mtoto mchanga asikae penye moshi. Lakini anayezungumza naye sasa ni mama wa mumewe, aliyefukiza watoto wake wote na wote wamekua. Akikataa, ataonekana ameleta usomi ndani ya nyumba ya watu. Akikubali, usiku atalala akisikiliza kifua cha mwanawe.

Tukio kama hili ni la kawaida katika nyumba za Zanzibar, Mombasa, Lamu na Tanga, na pia Muscat, ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar bado huzungumza Kiswahili. Mara nyingi huishia kwa mmoja kununa. Haina haja ya kufika huko, kwa kuwa udi na mtoto vinaweza kukaa nyumba moja. Kinachotakiwa ni kujua udi ni kitu gani, ulikuwa na kazi gani, na moshi wake uishie wapi.

Mti unaonukia baada ya kuumia

Wengi huchanganya udi na ubani. Ubani ni utomvu mkavu unaopatikana kwa kuchanja gome la miti ya jamii ya Boswellia, inayoota Somalia, Ethiopia, Yemen na Dhofar, kusini mwa Oman. Udi wenyewe ni mbao. Jina lake limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mti au kijiti.

Mbao hiyo hutoka kwenye miti ya jamii ya Aquilaria, inayopatikana kaskazini mashariki mwa India, Bangladesh, Vietnam, Kambodia, Thailand, Malaysia na Indonesia. Mti ukiwa mzima, mbao yake ni nyeupe, laini na haina harufu ya maana. Mambo hubadilika unapojeruhiwa. Tawi likivunjika au wadudu wakitoboa shina, kuvu huingia kwenye kidonda. Mti nao hujitetea kwa kutoa utomvu mzito unaoloweka mbao kuzunguka kidonda hicho na kuifanya iwe ya kahawia hadi nyeusi. Sehemu hiyo iliyolowa utomvu ndiyo udi. Kazi hiyo huchukua miaka, na udi wa daraja la juu huweza kuchukua makumi ya miaka.

Wachina huuita kwa jina lenye maana ya manukato yanayozama, kwa sababu kipande kilichojaa utomvu huwa kizito kiasi cha kuzama majini. Vipande vya daraja la juu kabisa huuzwa kwa maelfu ya dola kwa kilo moja.

Bei hiyo ndiyo iliyouponza mti. Si kila mti hutengeneza udi, na kwa kuutazama nje ni vigumu kujua. Wakataji waliangusha miti mingi wakitafuta michache yenye mali ndani. Mwaka 1995 aina moja kubwa, Aquilaria malaccensis, iliingia chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2005 ulinzi huo ulianza kuhusu aina zote za Aquilaria pamoja na ndugu yake Gyrinops. Leo udi mwingi hutoka mashambani, ambako wakulima hupanda miti, huitoboa matundu kwa makusudi na kuingiza kuvu ili utomvu uanze kutoka mapema.

Kwa hiyo kipande kile kidogo juu ya makaa ya bibi kimetoka mbali na kimechukua muda mrefu. Wazee waliposema udi usichezewe, walikuwa na sababu.

Ulivyofika Pwani

Miti hii haioti kwa asili Afrika Mashariki. Udi uliletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Kwa karne nyingi pepo za kaskazi zilisukuma majahazi kutoka India na Uarabuni hadi bandari za Waswahili, na kusi ikayarudisha. Yalikuja na nguo, tende, vyombo vya udongo na manukato. Yaliondoka na pembe za ndovu, boriti za mikoko na, baadaye, karafuu. Biashara hiyo hiyo ilibeba pia watu waliouzwa utumwani, na fahari ya majumba ya Unguja haiwezi kutenganishwa na jasho lao.

Ndani ya majumba hayo manukato yalikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Emily Ruete, binti wa Sultani Seyyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 kwa jina la Sayyida Salme, aliyaeleza maisha hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Taratibu udi ulitoka kwa wenye uwezo ukaingia nyumba za kawaida, japo kwa kipimo kidogo na kwa siku maalumu.

Lugha nayo imehifadhi safari hiyo. Chetezo, kufukiza, buhuri, uvumba na mrashi ni maneno yaliyo hai. Hata mtu wa bara asiyewahi kushika chetezo husema atamtafuta mwanawe shule nzuri “kwa udi na uvumba”, akiwa na maana ya kila njia na kila jitihada. Wakristo nao hulikuta neno udi katika Biblia ya Kiswahili, kwa mfano kwenye Zaburi ya 45, panapozungumziwa mavazi ya mfalme yanayonukia.

Kazi za udi ndani ya nyumba

Kazi ya kwanza ni nguo. Katika nyumba nyingi za Pwani chetezo huwekwa chini, juu yake hufunikwa tenga lililopinduliwa, na juu ya tenga hutandazwa kanzu, buibui, khanga au shuka. Moshi hupenya kwenye nyuzi na harufu hukaa siku kadhaa. Wengine hufukiza nguo ikiwa bado na unyevunyevu kidogo ili harufu ishike zaidi. Kwa Waislamu, siku ya Ijumaa na siku za Idi ndizo hasa za kufanya hivyo.

Kazi ya pili ni mgeni. Nyumba hufagiliwa, hupangwa, kisha hufukizwa kabla wageni hawajaingia. Oman na nchi nyingine za Ghuba zina desturi ya kupitisha chetezo mwishoni mwa ziara, baada ya kahawa. Kila mgeni huelekeza moshi kwenye nguo zake kwa mkono, kisha husimama. Huko kuna msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Hakuna anayeambiwa aondoke. Harufu imekwisha kusema kwa heshima.

Kazi ya tatu ni harusi. Bibi harusi wa Pwani husingwa mwili, hupakwa liwa na hina, huvishwa asumini, na nguo na kitanda chake hufukizwa. Somo au kungwi humfundisha namna ya kuuwasha, kiasi cha kuweka na wakati wake. Kwa wanawake wengi, elimu ya udi ilianza hapo, katika chumba kilichofungwa, kwa mdomo na kwa vitendo.

Kwenye maulidi chetezo huzungushwa na watu hunyunyiziwa marashi kwa mrashi. Kwenye msiba, ubani na udi huchomwa, na katika jamii nyingi za Pwani mchango wa fedha wanaopewa wafiwa huitwa pia ubani. Kwa njia hiyo mtu hukutana na harufu hizi kwenye karibu kila mlango mkubwa wa maisha: kuzaliwa, kuoa, kuolewa na kufa.

Halafu kuna udi wa kupika, ambao ndio fahari ya wanawake wengi wa Zanzibar. Sukari huyeyushwa kwenye sufuria hadi iwe shira nzito. Hutiwa unga au vipande vya udi na sandali, kisha sufuria ikishaepuliwa huongezwa miski, ambari, marashi na mafuta ya manukato. Mchanganyiko huanikwa na kufungiwa ndani ya chupa au kopo kwa wiki kadhaa mpaka harufu zikolee. Kila nyumba ina kipimo chake. Wako mabibi waliosomesha watoto kwa kopo hizo, na wako wanaouza mpaka leo kupitia simu.

Kwa nini mtoto hufukizwa

Bibi anapotaka kumfukiza mjukuu, huwa na sababu zaidi ya moja, na inafaa mzazi kijana azielewe kabla ya kuzikataa.

Sababu ya kwanza ni usafi na harufu njema. Siku arubaini za uzazi ni za damu, maziwa yanayomwagika, nepi na joto la chumba. Kabla ya mashine za kufulia na sabuni za kila aina, udi ulikifanya chumba kikalike na kumfanya mzazi ajisikie mtu tena.

Sababu ya pili ni kinga. Wazee wengi huamini kijicho na husuda humdhuru mtoto, na moshi wa udi au ubani hufukuza mabaya. Nyuma ya imani hiyo kuna hofu ya kweli, kwa kuwa watoto wengi walikufa wakiwa wachanga na wazazi walitumia kila walichokuwa nacho.

Sababu ya tatu huelezwa kwa dini. Baadhi hutaja hadithi ya Mtume Muhammad inayosifu “udi wa Kihindi” kama tiba ya maradhi saba, wakidhani ni huu unaochomwa. Hapa pana mchanganyiko wa majina. Wanazuoni wa hadithi wameeleza kuwa kilichokusudiwa pale ni kustul hindi, ambao ni mzizi wa mmea mwingine kabisa, na matumizi yanayotajwa hayakuwa ya kumweka mtoto kwenye moshi. Udi wa kufukiza umetajwa kwingine, kama manukato ya kujitia, peke yake au pamoja na kafuri. Hivyo anayefukiza nguo badala ya kifua cha mtoto hajaacha mafundisho yoyote.

Sababu ya nne ndiyo kubwa zaidi, ingawa haisemwi. Kufukiza ni namna ya bibi kusema kwamba mtoto huyu ni wake pia. Anayelikataa tendo bila kumpa bibi nafasi nyingine anamwondoa bibi mwenyewe.

Moshi ni moshi

Udi ukiwa wa bei gani, ukiungua hutoa moshi, na moshi una chembe ndogo sana zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa gramu moja ya ubani au udi wa kuchoma inaweza kutoa kwa wastani zaidi ya miligramu 45 za chembe hizo, ilhali sigara hutoa takribani miligramu 10 kwa gramu. Moshi huo hubeba pia gesi ya kaboni monoksaidi na kemikali nyingine ambazo si rafiki wa mapafu.

Hiyo haina maana kwamba kufukiza mara moja kwa wiki ni sawa na kuvuta sigara kila siku. Tofauti hufanywa na kiasi, muda, ukubwa wa chumba na hewa inayopita. Lakini mtoto mchanga ana hesabu yake. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60. Njia zake za hewa ni nyembamba, mapafu bado yanajengeka, na hawezi kusimama akatoka nje moshi ukimzidi.

Watafiti wa Oman, nchi ambayo buhuri huchomwa karibu kila nyumba, waliwahi kuwachunguza watoto wa shule katika mikoa miwili, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Hawakukuta kwamba watoto wa nyumba zinazochoma buhuri wana pumu zaidi kuliko wengine. Walichokuta ni kwamba kwa mtoto ambaye tayari ana pumu, moshi huo ni miongoni mwa vitu vinavyomfanya kifua kianze kupiga filimbi mara kwa mara.

Matokeo hayo yanasaidia pande zote mbili za mabishano ya nyumbani. Bibi hana haja ya kuambiwa kwamba aliwaumiza watoto wake kwa kuwafukiza. Mzazi naye ana haki ya kusema kwamba mtoto huyu, mwenye kifua hiki, hafai kukaa kwenye moshi.

Hatari nyingine mbili husahaulika kwa sababu hazina uhusiano na udi wenyewe. Ya kwanza ni mkaa. Makaa yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo imewaua watu wengi usingizini. Manukato yanaweza kumfanya mtu aone chumba ni kizuri huku hewa ikiharibika. Ya pili ni moto. Chetezo hukaa chini, mahali pale pale mtoto anapotambaa, na khanga ndefu hushika moto upesi.

Namna ya kufukiza nyumba yenye mtoto

Fukiza mtoto akiwa hayupo. Mpeleke barazani au chumba kingine chenye mlango uliofungwa. Fungua madirisha ya chumba unachofukiza, na baada ya kumaliza acha hewa ipite mpaka moshi usionekane kabisa. Asubuhi, wakati chumba kinafagiliwa na mtoto anaogeshwa, ni wakati mzuri.

Fukiza nguo, usifukize mtu. Tandaza shuka, khanga na nguo za kubebea juu ya tenga ukumbini au uani, kisha zianike zipigwe upepo kabla ya kumfunika mtoto. Harufu inayobaki iwe nyepesi. Ikikupalia wewe, mtoto haiwezi.

Punguza kipimo. Udi mzuri hauhitaji wingi. Kipande kidogo kwenye kaa moja, kwa dakika chache, kinatosha chumba cha kawaida. Ukianza kunuka kama kuni zinazoungua, utomvu umekwisha, utoe. Chetezo cha umeme chenye joto dogo hutoa harufu kwa moshi mdogo zaidi, ingawa hakiuondoi wote.

Usilaze mtu yeyote penye makaa. Chetezo kikishamaliza kazi, kitoke nje ya nyumba na makaa yazimwe kwa maji au mchanga. Hili linamhusu pia mama aliyejifungua ambaye hukalishwa juu ya moshi. Sehemu yenye mshono au kidonda hudhurika kwa joto; maji safi na maelekezo ya mkunga yanatosha.

Weka chetezo juu, mbali na mkono wa mtoto na mbali na pazia. Mtoto akiungua, mwagie maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta, asali na barafu havifai.

Usitegemee udi kufukuza mbu. Kinga ya mtoto dhidi ya malaria ni chandarua chenye dawa.

Kwa mtoto mwenye pumu, aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye kikohozi au mafua, na kwa mjamzito anayechefuliwa na moshi, nyumba ipumzike kabisa na udi. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua chake kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, au midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali mara moja. Hapo si wakati wa kumfukiza wala kumpaka kitu.

Kinachouzwa dukani

Shida nyingine ya siku hizi ni kwamba kinachoitwa udi mara nyingi si udi. Udi wa vijiti unaouzwa kwa bei ya chini huwa ni unga wa mbao na gundi uliotiwa manukato ya kiwandani. Vipande vyeusi vinavyong’aa sokoni huweza kuwa mbao ya kawaida iliyopakwa rangi na kulowekwa kwenye mafuta ya manukato. Mzazi anayedhani anafuata mila ya bibi anaweza kuwa anachoma rangi na kemikali asizozijua chumbani mwa mtoto.

Udi halisi ukiwa baridi huwa na harufu ya upole. Ukishika joto, utomvu hutoka na kuchemka juu ya kipande, na harufu hufunguka taratibu. Wa bandia hunukia sana ukiwa mkononi, kisha ukifika kwenye kaa manukato hutoweka haraka na kubaki moshi mkali unaochoma macho. Rangi nyeusi isiyo na mishipa, na inayoacha doa kwenye vidole, ni ya kutilia shaka. Kipimo cha kuzamisha majini hakitoshi peke yake, kwa kuwa udi mwingi halisi huelea na wauzaji wajanja hujua kuongeza uzito.

Anayenunua Muscat au Dubai kuleta nyumbani akumbuke kwamba udi una masharti ya CITES. Kwa matumizi binafsi, mkataba huo huruhusu msafiri kubeba vipande visivyozidi kilo moja bila kibali, lakini ni busara kuuliza sheria za nchi mbili anazopita na kutunza risiti.

Kuzungumza na bibi

Sehemu ngumu kuliko zote ni mdomo. Mkwe mgeni akimwambia mama mkwe “hospitali wamekataza”, maneno hayo hata yakiwa ya kweli husikika kama kufukuzwa. Katika jambo hili baba wa mtoto ndiye wa kutangulia. Yule ni mama yake, na mtoto hawezi kuonekana mkaidi kwa kuomba kwa adabu. Azungumze naye mapema, kabla chetezo hakijawashwa, ikiwezekana kabla mtoto hajazaliwa.

Kisha mkwe naye aombe badala ya kukataza, na ampe bibi kazi:

“Mama, kifua cha mtoto bado kichanga, namwonea hofu na moshi. Naomba utufukizie shuka na khanga zake huko uani, halafu nije nimvike mwenyewe.”

“Sisi mbona tuliwafukiza na mko hai?”

“Ni kweli, Mama, na mlitulea vizuri. Huyu tumwanzishie kwenye nguo. Akikua kidogo utamfundisha mwenyewe. Na mimi nataka unifundishe kupika udi wako, maana sijui hata sukari inatiwa lini.”

Mabibi wengi hawana jibu la kukataa ombi la namna hiyo. Kilichokuwa kinagombewa si moshi. Ni nani atakayekumbukwa katika malezi ya mtoto huyu, na kama anachokijua bibi bado kina thamani ndani ya nyumba. Ombi la kufundishwa linajibu yote mawili.

Elimu hiyo kweli inapungua. Kipimo cha udi wa kupika hakijaandikwa kwenye nyumba nyingi. Kimo kwenye vidole vya mwanamke mmoja anayejua kwa kunusa kwamba shira imefika. Akiondoka, kinaondoka naye, na wajukuu hubaki kununua kopo la kiwandani wasilojua limechanganywa nini.

Kwa hiyo siku ya arubaini, mama na mtoto wanapotolewa nje kwa mara ya kwanza, chetezo kinaweza kuwashwa mapema uani. Bibi atandaze nguo ya mtoto juu ya tenga, mama asimame pembeni na daftari au simu akiandika vipimo, na mtoto awe chumbani na shangazi, mlango umefungwa. Moshi ukishaisha na nguo ikapigwa upepo, bibi mwenyewe ndiye ampokee mjukuu na kumvika.

Mtoto atatoka akinukia kama walivyonukia baba yake na babu yake. Na usiku, mama atalala.